Kumi Kasoro Moja: Namba za Kirumi, Lugha za Ruvuma na Maandishi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya namba za Kirumi katika maandishi ya Kiswahili, yakichukua Songea kuwa mahali pa kuanzia. Yanatoa hoja mbili. Kwanza, Kiswahili kilizipokea alama hizi kwa kazi moja mahususi, yaani kuonesha nafasi katika mfuatano, na sarufi ya Kiswahili yenyewe ndiyo iliyoifanya kazi hiyo iwezekane. Pili, kanuni mbili zinazoongoza alama hizi, kujumlisha juu ya tano na kutoa kutoka katika kumi, hazionekani katika maneno ya idadi ya Kiswahili sanifu, lakini zimo katika lugha zilizokutana Ruvuma: Kiyao, Kinyanja na lugha ya Kinguni waliyokuja nayo Wangoni. Makala yanaeleza jambo hilo linamhusu vipi mwalimu anayefundisha namba za Kirumi kwa Kiswahili peke yake.

1.0 Utangulizi

Majengo ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Songea. Jina hilo linapatikana pia Mombasa, Moshi, Dodoma na Nairobi, na mara nyingi hutaja sehemu ya mji ambako watu wa asili mbalimbali walijenga wakakaa pamoja, Kiswahili kikiwa lugha yao ya baraza, ya soko na ya shule. Songea ni mji wa namna hiyo. Wangoni, Wamatengo, Wandendeule, Wayao wa upande wa Tunduru, Wanyasa wa ziwani na Wabena wamekutana hapo tangu kabla ya Uhuru, na boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897 liliwaongezea sababu ya kukutana. Mtoto anayekulia Majengo leo husikia Kiswahili tangu asubuhi. Lugha nyingine huisikia kwa bibi, au msibani, au wakati wazazi wanapozungumza jambo wasilotaka alielewe.

Mtoto huyo akianza shule hukutana na namba za Kirumi kwa njia mbili zisizofanana. Njia ya kwanza ni mlango wa chumba chake cha darasa, daftari lake na fomu ya matokeo: Darasa la I, Darasa la IV, Darasa la VII. Hapo hakuna anayemfundisha; huzisoma alama hizo kama anavyosoma jina lake. Njia ya pili ni kipindi cha Hisabati, ambamo huambiwa kwamba I ni moja, V ni tano, X ni kumi, L ni hamsini, C ni mia, D ni mia tano na M ni elfu. Kwamba alama ndogo ikifuata kubwa hujumlishwa na ikitangulia kubwa hutolewa. Na kwamba alama ya I, X au C hairudiwi zaidi ya mara tatu mfululizo. Kanuni hizo hukaririwa, huulizwa katika mtihani, kisha husahauliwa.

Kwa nini afundishwe? Jibu lililozoeleka ni kwamba zitamsaidia kusoma saa za ukutani na majina ya wafalme. Jibu hilo ni dhaifu. Saa nyingi za siku hizi hazina namba za Kirumi, na hata zilizo nazo, kama itakavyoonekana, Mswahili hasomi namba zake. Makala haya yanatafuta jibu jingine katika historia ya lugha.

2.0 Alama zilizokuwapo kabla

Namba za Kirumi zilifika katika eneo ambalo tayari lilikuwa linaandika hesabu. Pwani, watu waliosoma chuoni walitumia tarakimu za Kiarabu pamoja na hati ya Kiarabu. Sarafu alizotoa Sultani Barghash wa Zanzibar zina mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882 B.K., kwa tarakimu hizo. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipotoa pesa zake za shaba kuanzia mwaka 1890, iliweka jina lake kwa Kijerumani upande mmoja, na upande wa pili ikaweka maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria. Kampuni ilijua kwamba mtumiaji wa pesa ile atasoma upande gani.

Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa pia na abjadi, utaratibu wa kuzipa herufi thamani ya namba: alifu moja, be mbili, jimu tatu, na kuendelea hadi elfu. Ninautaja kwa sababu ndio ulio karibu zaidi na namba za Kirumi kwa umbo la nje. Katika yote mawili herufi hugeuka kuwa hesabu. Lakini zinatofautiana kwa ndani. Katika abjadi kila namba kuanzia moja hadi tisa ina herufi yake, kila kumi ina herufi yake, kila mia ina yake. Hakuna kutoa, na hakuna tano inayobeba nyingine. Aliyezoea abjadi hakuwa na sababu ya kuiona VI kuwa jambo la kawaida.

Namba za Kirumi zililetwa na watu wa kanisa na watu wa serikali. Misheni ya Wabenediktini ya Peramiho, magharibi mwa Songea, ilianzishwa mwaka 1898 na Cassian Spiss, ambaye pia alichapisha utafiti kuhusu Kingoni na Kisutu mwaka 1904, mwaka mmoja kabla ya kuuawa katika Vita vya Majimaji. Pamoja na misheni zilikuja orodha za mapapa na vituo 14 vya Njia ya Msalaba, ambavyo desturi ya Kikatoliki huviandika kwa namba za Kirumi kuanzia I hadi XIV. Serikali ya Waingereza nayo ilileta wafalme. Sarafu za shilingi ya Afrika Mashariki zilizotolewa kuanzia mwaka 1921 zilikuwa na jina la Mfalme George V kwa Kilatini.

Mwaka 1936 ulikuwa mwaka wa ajabu katika historia ya alama hizo. George V alifariki Januari. Edward VIII akatawala hadi Desemba, akajiuzulu. Akafuata George VI. Senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zina tundu katikati, kwa hiyo hazikuhitaji picha ya mfalme, na jina la Edward VIII likawahi kuchapwa juu yake, jambo lililotokea katika makoloni machache tu. Ndani ya muda mfupi, basi, mfanyakazi aliyerudi Songea kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga angeweza kuwa na sarafu tatu mfukoni zenye alama V, VIII na VI, kwa mpangilio huo. Kama mtu angezichukulia alama zile kuwa hesabu ya wafalme waliopita mmoja baada ya mwingine, zingemchanganya: tano, nane, kisha sita. Zilieleweka tu kwa aliyejua kwamba kila namba ilikuwa sehemu ya jina la mtu. Na wafanyakazi hao wenyewe waliitwa manamba, neno lililotokana na namba walizopewa walipoandikishwa. Lakini namba ya manamba ilikuwa ya tarakimu za kawaida. Za Kirumi waliachiwa wafalme.

3.0 Kazi moja: kuonesha nafasi

Shule ndiyo iliyozishusha alama hizi kutoka kwa wafalme zikafika kwa watoto. Katika Tanganyika ya Waingereza madarasa yalihesabiwa kwa namba za Kirumi, na kufikia miaka ya 1950 ngazi zilikuwa bayana: I hadi IV shule ya msingi, V hadi VIII shule ya kati, IX hadi XII sekondari. Mwishoni mwa ngazi hizo palikuwa na mtihani wa kuchuja. Kwa hiyo IV na VIII zilikuwa pia mahali ambapo watu wengi walikomea. Baada ya Uhuru ngazi zilipangwa upya, elimu ya msingi ikawa ya miaka saba, sekondari ikahesabiwa kwa vidato, na Darasa la VII likachukua nafasi ya kizingiti. Leo mtu husema, «ameishia la saba», akiacha neno darasa kabisa. A-unganifu na namba vimetosha kuwa nomino.

Inafaa kuuliza kwa nini desturi hii ilidumu katika Kiswahili wakati tarakimu za kawaida zilikuwapo na ni rahisi zaidi. Sababu mojawapo ni ya matumizi: katika sentensi kama «Wanafunzi 45 wa Darasa la IV walifaulu», msomaji hutenganisha idadi na nafasi kwa kutazama tu. Lakini iko sababu ya ndani zaidi, na sijaona ikizingatiwa vya kutosha katika mijadala ya tahajia yetu.

Namba inapotaja idadi katika Kiswahili, umbo lake hufuata ngeli ya nomino. Tarakimu 3 inaweza kusomwa watatu, mitatu, matatu, vitatu au tatu. Alama ni moja, matamshi ni mengi, na msomaji lazima ajue nomino kwanza. Namba inapotaja nafasi, mambo hubadilika. Upatanisho wote huhamia kwenye a-unganifu, na neno la namba halibadiliki: mtoto wa tatu, mti wa tatu, jani la tatu, kitabu cha tatu, nyumba ya tatu. Alama inayotumiwa kwa kazi hiyo tu huwa na somo moja daima. III katika maandishi ya Kiswahili husomwa «tatu», si vinginevyo. Hakuna anayeandika «watoto III» wala «vitabu V», na kama angeandika tungesita, kwa kuwa tungelazimika kuongeza kiambishi ambacho alama haikuzoea kukibeba.

Namba mbili za mwanzo zinakataa utaratibu huu, na kukataa kwake kunafundisha. I peke yake husomwa «kwanza», na II peke yake «pili». Lakini XI ni «kumi na moja» na XII ni «kumi na mbili». Alama ile ile hubadili neno kulingana na jirani yake. Mtoto anayesoma «Kidato cha II» kama «kidato cha mbili» hajakosea hesabu. Amekosea sarufi, na kosa lake linaonesha kwamba ameshajua kanuni ambayo wenzake watatu na kuendelea wanaifuata.

Majina ya mapapa na wafalme yanaleta jambo jingine. Tunaandika Darasa *la* VII, Kidato *cha* II, Vita Kuu *ya* II. Lakini tunaandika Yohane Paulo II, Pio XII, Leo XIV, bila a-unganifu, ingawa hakuna asomaye bila kuutamka: Yohane Paulo *wa* Pili, Leo *wa* Kumi na Nne. Majina hayo yalikopwa yakiwa mazima, na jicho la Kilatini likabaki. Istilahi za shule zilitungwa ndani ya Kiswahili, zikapata viungo vyake. Hivyo namba ya Kirumi katika jina la papa hubeba silabi moja zaidi ya inayoandikwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 ilichagua njia ya tatu iliyo salama kuliko zote: Sura ya Kwanza, Sura ya Pili, kwa maneno.

Sasa saa. Saa ya ukutani yenye namba za Kirumi mara nyingi huonesha IIII badala ya IV, desturi ya mafundi saa wa Ulaya, na mtoto aliyetoka kujifunza kwamba I hairudiwi mara nne huona kanuni imevunjwa mbele ya macho yake. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba akrabu fupi ikielekea VII, Mswahili husema saa moja. Ikielekea I, husema saa saba. Ikielekea VI, saa kumi na mbili. Siku yetu huanza jua linapochomoza, na saa ya Ulaya huanza usiku wa manane. Mswahili hutazama mahali akrabu ilipo, kisha hutaja saa anayoijua. Alama zilizoandikwa mahali hapo zingeweza kuwa maua. Anayemwambia mtoto ajifunze namba za Kirumi ili asome saa anamwelekeza kwenye kitu ambacho katika lugha yake hakisomwi hivyo.

4.0 Tano na moja

Hadi hapa nimezungumzia matumizi. Hebu tuangalie muundo wa alama zenyewe tukiulinganisha na maneno ya idadi.

Kiswahili sanifu kina maneno kumi ya msingi, na hakuna hata moja ambalo mzungumzaji wa leo analivunja vipande. Sita, saba na tisa zilitoka Kiarabu. Zilichukua nafasi ya maneno ya Kibantu ambayo mabaki yake bado yapo: kenda, yaani tisa, limo katika jina Mijikenda, na fungate, siku saba za arusi, ni ndugu wa *fungahe*, neno la Kigiriama la saba. Kigiriama kimehifadhi pia *handahu* kwa sita, neno ambalo ndani yake mtu anaweza kusikia *hahu*, tatu. Na wanaisimu wa Kibantu wameeleza kwamba nane ilitokana na nne iliyorudiwa. Kwa maana hiyo Kiswahili cha kale kilijenga sita na nane kwa jozi, tatu na tatu, nne na nne. Hakikujenga juu ya tano. Na baada ya kukopa kutoka Kiarabu, hata jozi hizo zilifichika. Maneno yetu kutoka moja hadi tisa sasa yanalingana vizuri na tarakimu 1 hadi 9: kila namba na alama yake, kila namba na jina lake, hakuna linaloeleza jingine.

Ukielekea kusini hali ni tofauti. Katika Kiyao (P21 katika uainishaji wa Guthrie), tano ni *msano*. Sita ni *msano na limo*, tano na moja. Saba ni tano na mbili, nane ni tano na tatu, na tisa ni *msano na mcheche*, tano na nne. Kinyanja (N31), ambacho kiko upande wa ziwa, husema *zisanu ndi chimodzi* kwa sita na *zisanu ndi zinayi* kwa tisa. Kimakua (P31) nacho hujenga sita kwa tano na moja. Katika lugha hizi tano ni kituo: ukifika hapo unapumzika, kisha unaanza kuongeza.

Andika maneno hayo ya Kiyao kwa namba za Kirumi, neno kwa alama. *Msano na limo*: V, I. Tano na mbili: V, II. Tano na tatu: V, III. Hakuna tafsiri iliyofanyika. Muundo ni ule ule. Makumi pia hukubali: ishirini ni *makumi gawili*, kumi mara mbili, na XX ni kumi iliyoandikwa mara mbili. Bibi wa Kiyao aliyehamia Majengo na hakuwahi kuingia darasani angeweza kuambiwa mara moja tu kwamba V ni *msano*, na kuanzia hapo VI, VII na VIII angezisoma bila mwalimu, ilhali mjukuu wake anayejua Kiswahili tu lazima azikariri moja moja, kwa kuwa katika «saba» hakuna tano wala mbili.

Ufanano huu hauna siri. Maelezo yaliyoenea husema V ni kiganja kilichofunguliwa. Wanahistoria wengi wa hisabati wanaona alama za Kirumi zilianza kama chale kwenye vijiti vya kuhesabia, ambapo kila chale ya tano na ya kumi iliwekewa alama tofauti ili jicho lisipotee. Vyovyote iwavyo, mkono una vidole vitano Roma na Tunduru. Mwalimu anapohesabu kura za kiranja ubaoni kwa vijiti vinne na kimoja cha kukata, anafanya kazi hiyo hiyo ya zamani.

Lakini upo ugumu mmoja, na ni mwalimu wa Kiyao ndiye angeuona kwanza. Tisa katika Kiyao ni tano na nne. Kwa namba za Kirumi hiyo ni VIIII, na shuleni VIIII hupigwa mkasi. Roma ya kale isingeipiga mkasi: maandishi ya mawe ya Warumi yana IIII na VIIII kwa wingi, na juu ya milango ya Kolosei arobaini na nne imechongwa XLIIII. Kanuni ya kutoa ilikuwapo, lakini haikuwa lazima. Uthabiti tunaoufundisha leo kana kwamba ulitoka kwa Kaisari ulikuja baadaye sana.

5.0 Kuacha kidole

Kutoa je? Hapa ndipo historia ya Songea inapokuwa na neno lake.

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka Zambezi mwezi Novemba 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na baada ya kifo chake Ufipa katika miaka ya 1840 waligawanyika. Baadhi ya makundi yakafika nchi ambayo sasa ni Songea. Lugha waliyotoka nayo ilikuwa ya jamii ya Kinguni, ndugu wa Kizulu. Hapo Songea lugha hiyo ilimezwa na lugha za wenyeji, na Kingoni kinachozungumzwa leo (N12) ni lugha ya huku, ndugu wa Kimatengo na Kimanda. Lakini namna ile ya kuhesabu tunaijua kutoka Kizulu. Sita ni *isithupha*, kidole gumba: mkono wa kwanza umekwisha, gumba la pili limenyanyuka. Saba ni *isikhombisa*, kile kinachoonyesha, yaani kidole cha shahada. Kisha nane ni *isishiyagalombili*, acha viwili, na tisa ni *isishiyagalolunye*, acha kimoja.

Acha kimoja: kumi kasoro moja: IX. Hesabu ya vidole iliyovuka Zambezi na mashujaa wa Zwangendaba ilikuwa na kanuni ya kutoa ndani ya neno lenyewe. Na ilienda mbali kuliko IX, kwa kuwa nane nayo ilikuwa kumi kasoro mbili, ambayo kwa Kirumi ingekuwa IIX.

Kilatini chenyewe kinashuhudia kwamba wazo hilo halikuwa la ajabu. Waroma waliita kumi na nane *duodeviginti*, mbili kutoka ishirini, na kumi na tisa *undeviginti*, moja kutoka ishirini. Kwa kawaida waliandika XVIII, kwa kujumlisha, huku midomo yao ikitoa. Lakini jiwe la kumbukumbu la Marcus Caelius, akida wa jeshi aliyeuawa katika msitu wa Teutoburg mwaka 9 B.K. na ambalo liko katika makumbusho ya Bonn, linataja kikosi chake cha kumi na nane kwa alama XIIX. Mchongaji aliandika alivyosema. Mwanafunzi wa Majengo akiandika XIIX atapata kosa. Alipata kosa hilo hilo mchongaji wa Kirumi, kama ni kosa.

Kiswahili nacho kinatoa, ingawa si katika majina ya namba. Saa tatu kasorobo ni jambo la kila siku, na kamusi za kale zina *kasa* kwa maana hiyo hiyo. Mchuuzi husema «elfu kumi kasoro mia» na mnunuzi huelewa mara moja. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kueleza IX ana neno tayari, nalo ni la mtaani. IX ni kumi kasoro moja. XL ni hamsini kasoro kumi. XC ni mia kasoro kumi. Nadhani neno kasoro linafanya kazi hapa kuliko kanuni ya «ndogo ikitangulia kubwa», kwa sababu kanuni inaeleza mahali pa alama, na kasoro inaeleza maana yake.

6.0 Mlango wenye IC

Neno hilo lina hatari yake pia. Mtoto aliyeshika kasoro vizuri, akiulizwa tisini na tisa, ataandika IC: mia kasoro moja. Ni hesabu sahihi na ni Kiswahili sahihi. Kwa desturi iliyokubalika si namba ya Kirumi sahihi, kwa kuwa I hutolewa kutoka V na X tu, X kutoka L na C, na C kutoka D na M. Tisini na tisa lazima ijengwe hatua kwa hatua, XC kisha IX: XCIX. Hivyo pia arobaini na tisa ni XLIX, si IL. Hapa namba za Kirumi hufuata nafasi za makumi na mamoja kama tarakimu za kawaida zinavyofanya, na lugha ya kasoro haifuati. Mwalimu akilisema hilo waziwazi, mtoto atajifunza jambo la kweli kuhusu tofauti kati ya lugha na maandishi. Akipiga mkasi tu, mtoto atajifunza kwamba Hisabati ni mkasi.

Na jambo lenyewe halimo katika daftari tu. Shule zenye wanafunzi wengi hugawa darasa kwa mikondo A, B, C na D. Kwenye mlango wa darasa la kwanza mkondo wa tatu huandikwa IC; kwenye darasa la tano mkondo wa nne, VD. Mtoto hupita chini ya IC kila asubuhi kwa mwaka mzima, ikisomwa «la kwanza C», kisha miaka michache baadaye anaambiwa kwamba IC haiwezi kuandikwa. Ninaliona jambo hilo kuwa somo zuri kuliko yaliyomo vitabuni: herufi moja, C, ni namba katika mfumo mmoja na jina la mkondo katika mwingine, na muktadha peke yake ndio unaotofautisha.

Linabaki swali la lugha za jamii. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule za msingi Tanzania Bara, na faida yake kwa mji kama Songea haina haja ya kutetewa. Darasa la Majengo lisingewezekana bila hiyo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa. Kati ya kauli hizo mbili pana nafasi ambayo haijatumiwa. Hakuna anayehitaji kufundisha Hisabati kwa Kiyao ili kuuliza darasani, «Nani nyumbani kwao wanajua kuhesabu kwa Kiyao au Kinyanja? Sita wanaitaje?» Swali hilo huchukua dakika tano. Litamrudisha mtoto mmoja au wawili kwa bibi jioni, na kesho yake ubaoni patakuwa na *msano na limo* kando ya VI. Watoto wa Kingoni hawatapata *isishiyagalolunye* kwa bibi, maana ilishazama. Hiyo italazimika kuletwa na mwalimu, kama habari ya historia ya mji wao.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefupisha elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Kizingiti cha VII kinaondoka, na pamoja nacho, polepole, usemi wa «ameishia la saba». Darasa la mwisho litakuwa VI, tano na moja, alama ambayo Kiyao kiliisoma hivyo kabla ya misheni kufika.